Uso unapovuja damu isiyokoma: kwa nini taya hurudishwa kabla ya kufunga mshipa wa shingo

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya kimoja kisiwani Ukerewe. Usiku mmoja tuliletewa kijana dereva wa bodaboda aliyegonga lori la dagaa lililoegeshwa bila taa. Uso ulikuwa umebonyea katikati, taya la juu lilicheza nilipolishika, na damu ilitoka puani na mdomoni. Nilishindilia gozi katika tundu zote mbili za pua. Kwa nje damu ilipungua, lakini aliendelea kutapika damu na presha ikashuka. Tulimvusha hadi Mwanza, akafika hai, na sasa anaendelea vizuri. Nilipouliza alivyotibiwa, niliambiwa kwamba aliwekewa mipira puani, taya likarudishwa na kufungwa kwa waya, na damu ikakoma. Mimi nilidhani wangefunga mshipa mkubwa wa damu ulioko shingoni. Kwa nini gozi zangu hazikufaa, na kwa nini hawakuanza na mshipa huo?

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa usiku huo. Kumfikisha hai kutoka kisiwani mtu mwenye jeraha la namna hiyo si jambo dogo, na maswali yako mawili yamegusa kiini cha kazi yetu sisi tunaopasua kinywa, taya na uso. Nitakujibu kama mwenzangu wa kazi, na pale ninapoeleza jambo linalohitaji chumba cha upasuaji nitasema hivyo wazi, ili ujue lipi ni lako huko kituoni na lipi ni la kuachia hospitali ya rufaa.

Uso uliovunjika katikati hauvuji kutoka kwenye mshipa mmoja unaoweza kushikwa kwa kibanio. Unavuja kutoka kwenye nyufa za mifupa yenyewe. Mifupa ya sehemu hiyo ni myembamba, ina uwazi mwingi ndani yake, imefunikwa na utando wenye damu nyingi, na vijitawi vya ateri hupita ndani ya mifereji yake midogo. Mfupa unapopasuka, kijitawi kilichomo ndani ya mfereji huchanika, na kwa kuwa kimeshikwa na ukuta wa mfupa hakiwezi kujikunja na kujifunga kama ateri iliyokatwa kwenye nyama laini. Kisha kila mgonjwa anapokohoa, anapomeza au anapotingishwa ndani ya boti, vipande vya mfupa husuguana na donge la damu lililoanza kuganda hubanduka. Wavuvi wa huko kwenu wanalijua jambo la namna hii: mtumbwi ambao ubao wake umeachia hauponi kwa kukumba maji usiku kucha, ubao hurudishwa kwanza mahali pake, ndipo kalafati hushika. Taya la kijana wako ndilo lililokuwa ubao huo.

Ili hoja hii isimame, tazama damu ya uso inakotoka. Sehemu kubwa huletwa na ateri ya karotidi ya nje, moja kila upande wa shingo. Tawi lake liitwalo ateri ya uso huvuka ukingo wa taya la chini mbele kidogo ya msuli wa kutafunia. Uma meno kwa nguvu, weka kidole mbele ya msuli huo, na utaisikia ikipiga. Tawi jingine hupiga mbele ya sikio na kupanda kwenye panja. Lakini tawi linalotusumbua zaidi halipapasiki: ni ateri ya maksila, ambayo huingia ndani nyuma ya shingo ya taya la chini, hupita kwa kina hadi nyuma ya taya la juu, na kugawanyika kuwa vijitawi vya nyuma ya pua, vya kaakaa na vya meno. Paa la pua, kwa upande wake, hupokea damu kutoka chanzo tofauti kabisa, yaani ateri za ethmoidi, ambazo hutokana na ateri ya jicho, nayo ateri ya jicho hutokana na karotidi ya ndani, ile ile inayolisha ubongo. Zaidi ya hayo, matawi ya kulia hukutana na ya kushoto katikati ya uso, na yale ya karotidi ya nje hukutana na yale ya karotidi ya ndani. Uukumbuke mtandao huu tutakapofika shingoni.

Sasa gozi zako. Zilikaa mbele, sentimita chache ndani ya pua, ilhali damu ilikuwa ikitokea nyuma, pale pua inapofungukia kooni. Ulifunga mlango wa mbele na wa nyuma ukabaki wazi. Damu uliyokuwa ukiiona ikidondoka ikageuka kuwa damu usiyoiona, inayoteremka kooni. Akaimeza, tumbo likajaa, akatapika. Mtu mzima wa kilo 70 ana takriban lita 5 za damu, na tumbo linaweza kupokea hata lita nzima bila tone kuonekana sakafuni. Kwa hiyo nawasihi wenzangu wote wasipime damu ya uso kwa kutazama shuka. Mulika tochi kinywani na utazame nyuma ya kimio kama kuna mkondo mwekundu unaoteremka. Hesabu pia mara anazomeza, kwa maana majeruhi anayemeza kila baada ya sekunde chache hamezi mate.

Hata hivyo, hewa hutangulia damu. Wagonjwa wengi wa namna hii hufa kwa kukosa pumzi kabla hawajafa kwa kuishiwa damu, na mara nyingi sisi wenyewe ndio tunaowasukuma huko kwa kuwalaza chali. Majeruhi mwenye fahamu ambaye uso wake umevunjika huinuka, huketi, huinama mbele na kuacha damu na mate yadondoke. Akilazimishwa kulala hupigana, na nimesikia mara nyingi mno ikisemwa kwamba amelewa. Huenda kweli alikunywa, lakini anapigana kwa sababu anazama katika damu yake. Mwache akae jinsi alivyojichagulia, mtu mmoja akimshikilia kichwa na shingo ili visiyumbe, kwa kuwa pigo lililovunja uso laweza kuwa limeumiza pia uti wa mgongo wa shingoni. Kama fahamu zimepungua, mgeuze ubavu, kichwa na kiwiliwili vikizunguka pamoja, na mashine ya kufyonza iwe mkononi mwako wala isiwe kabatini. Taya la chini lililovunjika pande zote mbili mbele huachia ulimi uanguke nyuma. Hapo kuuvuta ulimi mbele kwa gozi, au kwa uzi mnene uliopitishwa ndani yake, kwaweza kuokoa maisha ndani ya dakika moja. Na pale ambapo mrija hauwezekani kupita kinywani kwa sababu ya damu, mwenye ujuzi hutoboa mbele ya shingo, kwenye utando ulio kati ya gegedu la kikoromeo na gegedu la chini yake. Kama hujafundishwa kazi hiyo kwa mikono, omba ufundishwe. Usiku wa dharura si wakati wa kujifunza.

Baada ya hewa ndipo tunaingia kwenye kuziba nyuma ya pua, na hili laweza kufanyika kituoni kwako kwa kifaa ulicho nacho tayari: mpira wa mkojo, katheta ya Foley namba 12 au 14. Jaribu kwanza puto lake kwa maji. Upake mafuta, uingize kwenye tundu la pua kwa kufuata sakafu ya pua, ukielekea nyuma moja kwa moja kama unayelenga sikio, kamwe usielekeze juu kwenye macho. Ncha ikionekana nyuma ya kimio, jaza maji polepole mililita 7 hadi 10, kisha uvute mpira mbele taratibu hadi puto lijikaze kwenye mlango wa nyuma wa pua. Fanya hivyo pande zote mbili. Ndipo sasa gozi ya utepe iliyopakwa vaselini inapopata maana: ipangwe tabaka juu ya tabaka kuanzia sakafu ya pua kwenda juu, kwa sababu sasa ina ukuta wa nyuma wa kuegemea. Mpira uzuiwe usirudi ndani kwa kibanio cha kitovu, kile kile cha wodi ya wazazi, lakini kati ya kibanio na pua weka pamba au gozi nene. Ngozi ya ukingo wa pua ikikandamizwa na plastiki kwa saa chache hufa, na kovu lake halifichiki.

Kuna hatari moja ambayo sitaki uipitie haraka. Pigo kubwa la katikati ya uso laweza kuvunja pia sakafu ya fuvu, na mipira iliyoelekezwa juu imewahi kuingia ndani ya fuvu lenyewe. Maji maangavu yanayochanganyika na damu ya puani, damu sikioni, au weusi unaozunguka macho yote mawili ni dalili za kukufanya usite. Kusita si kuacha: kama damu inamuua, mpira huwekwa, ila kwa kufuata sakafu ya pua, kwa mkono mwepesi, na puto hujazwa baada tu ya ncha kuonekana kooni. Usijaze puto ambalo hujaliona lilipo.

Nakuja kwenye taya. René Le Fort, daktari mpasuaji wa Ufaransa, alichapisha mwaka 1901 matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa kupiga vichwa vya maiti kwa nguvu na pembe mbalimbali. Aligundua kwamba uso haupasuki ovyo, bali hufuata mistari mitatu inayojirudia: wa kwanza hutenganisha kaakaa na meno ya juu na sehemu iliyobaki, wa pili huchukua pia pua kwa umbo la piramidi, na wa tatu huachanisha uso mzima na fuvu. Katika hali zote hizi sakafu ya fuvu imeinama kama mteremko, na pigo linalotoka mbele huteleza taya la juu kwenda nyuma na chini. Hapo hutokea mambo mawili kwa pamoja: kaakaa hukaribia ukuta wa koo na kubana njia ya hewa, na nyufa hubaki zimefunguka zikivuja. Ndiyo maana mkono mmoja unaolirudisha taya mahali pake hutibu hewa na damu kwa tendo moja. Vidole viwili huingizwa kinywani hadi nyuma ya kaakaa gumu, kidole gumba kikiwa mbele juu ya fizi, taya huvutwa mbele, kisha huinuliwa juu likae. Katika chumba cha upasuaji, kama limejikita, hutumika koleo la Rowe, ambalo hushika kaakaa kwa mkono mmoja ndani ya pua na mwingine ndani ya kinywa.

Kulirudisha hakutoshi, lazima libaki huko. Kwa mgonjwa ambaye tayari ana mrija wa hewa, tunaweka kizuizi kati ya magego ya juu na ya chini kila upande, cha mpira maalumu au, kikikosekana, cha gozi iliyokunjwa nene na kufungwa uzi mrefu unaotokea nje ya mdomo. Kola ya shingo ikivalishwa chini ya kidevu, taya la chini husukuma juu, vizuizi husukuma taya la juu, nalo hubanwa kwenye fuvu lililo imara. Baada ya hapo tu ndipo maputo ya puani hujazwa mpaka mwisho. Mpangilio huu una sababu yake: puto likijazwa kwa nguvu ndani ya uso usio na kitu cha kuushikilia kwa chini, husukuma vipande viachane zaidi, na damu huongezeka pale pale ulipotegemea ipungue. Kwa hiyo ukiwa kituoni na mgonjwa anayepumua mwenyewe, ambaye huwezi kumwekea vizuizi kinywani kwa sababu vitamziba, jaza puto kidogo kidogo na utazame. Kama kaakaa linashuka au damu inazidi, punguza maji.

Taya la chini lina ateri yake ndani ya mfupa, chini ya mizizi ya meno, nayo huvuja vilevile vipande vinapocheza. Huko waya mmoja wa chuma, wa unene wa karibu nusu milimita, ukizungushwa kwenye meno ya pande mbili za ufa na kukazwa, hupunguza damu na maumivu kuliko dawa yoyote utakayochoma. Huhitaji kuzungusha jino lililo kandokando ya ufa, kwa maana huenda limelegea. Ruka hadi la pili. Waya ukikosekana, uzi mnene wa nailoni husaidia hadi Mwanza. Kumfunga mgonjwa taya la juu na la chini pamoja, kama alivyofungwa kijana wako, ni kazi ya hospitali ya rufaa, kwa kuwa mtu aliyefungwa meno na kuzibwa pua hana njia ya hewa isipokuwa mrija aliowekewa, na kando ya kitanda chake lazima kiwepo kikata waya ambacho kila muuguzi wa zamu anajua kilipo.

Umeuliza kuhusu mshipa wa shingo, na wazo hilo lina historia ndefu. Mwaka 1798 mpasuaji wa London aitwaye John Abernethy alifunga karotidi kuu, shina lenyewe, kwa mtu aliyechomwa na pembe ya ng'ombe. Mgonjwa huyo alipooza upande mmoja wa mwili na kufariki, kwa sababu shina hilo hulisha ubongo pia. Leo hakuna anayefunga shina kwa ajili ya damu ya uso. Kinachofungwa ni tawi la nje, na kazi yenyewe si fupi kama inavyosimuliwa. Ngozi hupasuliwa kwa kufuata ukingo wa mbele wa ule msuli mnene unaoshuka kutoka nyuma ya sikio hadi kidarini. Karotidi hutafutwa pale inapogawanyika, karibu na ukingo wa juu wa gegedu la kikoromeo. Karotidi ya nje hutambulika kwa kuwa ina matawi shingoni, na ya ndani kwa kuwa haina hata moja. Kabla ya kukaza uzi, mpasuaji hubana kwa vidole na mwenzake hupapasa mbele ya sikio kuhakikisha kwamba pigo la panja limetoweka. Neva inayoendesha ulimi hukatiza juu ya ateri hizo, na neva kuu ya vagasi imelala nyuma yake. Katika shingo iliyovimba kwa damu, usiku, kosa la kufunga tawi lisilo lake ni kosa la ubongo.

Na hata likifungwa sahihi, mara nyingi halitoshi. Kumbuka ule mtandao: ukiziba kulia, kushoto huvusha damu, ukiziba pande zote mbili, ethmoidi bado zinaleta kutoka karotidi ya ndani. Nilijifunza hilo kwa gharama. Katika miaka yangu ya mwanzo ya ubingwa, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilifunga karotidi ya nje ya upande mmoja kwa mgonjwa ambaye taya lake la juu lilikuwa bado linaning'inia. Damu ilipungua pale mezani, nikashona shingo nikiwa na amani. Saa moja haikupita, damu ikarudi, na presha ikaanguka tena. Tulimrudisha mezani, tukalivuta taya mbele, likakaa, tukalibana kwa vizuizi na mipira, na damu ikakoma ndani ya dakika chache ambazo ningeweza kuzitumia tangu mwanzo. Alipona, lakini alipokea chupa za damu ambazo asingezihitaji, na bado namfikiria.

Kwa hiyo siukatai mshipa wa shingo. Nauweka mahali pake. Hufungwa pale ambapo mipira, gozi, kurudisha mifupa na kuibana vyote vimefanyika sawasawa na damu ya ateri bado inakuja, au pale ambapo panga au kioo kimekata tawi kubwa karibu na shina lake. Ethmoidi zikishukiwa, hufikiwa kwa kupasua pembeni mwa jicho upande wa pua. Ya mbele iko takriban milimita 24 kutoka ukingo wa mfupa wa machozi, ya nyuma milimita 12 ndani zaidi, na neva ya kuona milimita 6 tu baada ya hapo. Vipimo hivyo vikuonyeshe jinsi nafasi ya kukosea ilivyo ndogo. Ipo pia njia ya kuziba ateri kutoka ndani, kwa mrija mwembamba unaopitishwa kutoka kinenani chini ya picha za eksirei hadi kwenye ateri ya maksila. Ni njia nzuri sana kwa mgonjwa ambaye hali yake inaruhusu kusubiri, lakini huhitaji mashine na wataalamu wasiopatikana kila mahali, na ethmoidi haziguswi kwa njia hiyo kwa kuhofia upofu.

Panga nimelitaja, na si vyema nikaliacha hapo. Jeraha la wazi la shavu au midomo linalorusha damu halihitaji rundo la gozi lililofungwa kwa bandeji. Linahitaji kidole kimoja juu ya gozi moja, mahali hasa panaporusha, kwa dakika 10 za saa ya ukutani bila kuchungulia. Usibane kwa kibanio bila kuona, kwa sababu neva inayoendesha uso na mfereji wa mate hupita shavuni humo, na mdomo uliopinda maisha yote ni bei kubwa. Ngozi ya kichwa ni tofauti: mishipa yake hushikwa na tishu ngumu isiyoiachia ijikunje, hivyo huvuja sana, na dawa yake ni kushona mapema kwa mshono mrefu mnene unaoshika tabaka zote. Na kwa tundu refu jembamba la kisu au mkuki wa samaki, katheta ile ile huingizwa ndani ya jeraha, puto hujazwa hadi damu ikome, na ngozi hushonwa kuuzunguka mpira. Wapasuaji wa Afrika Kusini wameitumia sana njia hii kwa majeraha ya kuchomwa shingoni.

Wakati mikono inafanya hayo, mwili mzima usisahaulike. Presha ikianguka, usiridhike na uso peke yake kwa kuwa ndio unaoonekana. Kagua kifua, tumbo, nyonga na mapaja. Usimwagie dripu nyingi za maji, kwa maana huyeyusha uwezo wa damu kuganda. Mpe kiasi cha kulifanya pigo la kifundo cha mkono lisikike, isipokuwa kama ameumia kichwa, ambapo ubongo hudai presha ya juu zaidi. Mpe asidi ya traneksamiki gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10, kisha gramu 1 nyingine kwa saa 8, mradi hazijapita saa 3 tangu kuumia. Utafiti uitwao CRASH-2, uliochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha vifo kupungua kutoka asilimia 16.0 hadi 14.5, na uchambuzi uliofuata ukaonyesha kwamba ikitolewa baada ya saa 3 huweza kudhuru. Na mfunike. Upepo wa ziwa usiku hupoza mwili uliolowa, na damu iliyopoa haigandi vizuri. Vua nguo zilizolowa, mzungushie blanketi au hata vitenge vya ndugu zake.

Jicho nalitaja kwa ufupi, ila usilisahau. Damu kidogo tu ikikusanyika nyuma ya jicho, jicho hutokeza, huwa gumu kama jiwe na kuacha kuona. Hapo kona ya nje ya kope hukatwa ili kuachia shinikizo, na kazi hiyo haisubiri hadi kesho. Fungua kope kabla hazijavimba, andika alichokiona kwa kila jicho.

Wenzako wa Sengerema, tangu Juni 2025, wanavuka kwa daraja la Kigongo–Busisi. Wewe bado una ziwa mbele yako, kwa hiyo simu yako hupaswa kutangulia boti. Piga simu hospitali ya Bugando au ya Sekou Toure huko Mwanza kabla ya kuondoka, useme taya la juu linacheza, useme umeweka mipira na umejaza mililita ngapi kila upande, utaje kundi la damu kama umelipima, ili damu iombwe mapema kutoka Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Ziwa. Asafirishwe ameketi au amelala ubavu, na anayemsindikiza awe anayejua kufyonza koo. Andika muda mpira ulipowekwa. Mipira hiyo hukaa kwa kawaida kati ya saa 24 na 72, mgonjwa akiwa kwenye antibiotiki na amechanjwa pepopunda, na haiondolewi wodini na mtu mmoja. Maji hupunguzwa kidogo kidogo, damu ikiwa imeandaliwa na chumba cha upasuaji kikiwa tayari. Ikifika kwako siku ambayo hali ya ziwa haikuruhusu kuvuka, usiiondoe kwa kuwa tu damu imekoma. Na kwenye kisanduku cha dharura weka leo katheta mbili za namba 12, mbili za namba 14, bomba la sindano la mililita 10, vibanio viwili vya kitovu, gozi ya utepe na vaselini, vyote ndani ya mfuko mmoja, kwa sababu ni vitu ambavyo kituo chako tayari kinavyo ila vimekaa katika vyumba vitatu tofauti.